Bitana ya Kadi ya Adventina

Wiki iliyopita tulimzika Adventina kule Maruku, kwenye kibanja cha kaka yake, katikati ya migomba, na aliyesoma wasifu wa marehemu akasema hakubahatika kuolewa, akaendelea na sentensi iliyofuata iliyohusu utumishi wake kwenye kwaya. Mimi nilikuwa nimekaa viti vya nyuma, nimeshika kijitabu cha ratiba ya mazishi. Sijawahi kujua niufanyeje uso wangu mbele ya watu, kwa hiyo nilikuwa nakiangalia kijitabu chenyewe. Karatasi nzito ya kung'aa, imekunjwa kinyume cha uzi wake, rangi imepasuka mgongoni na weupe wa ndani umetokeza kama mfupa. Mtu aliyefundishwa kutengeneza kadi na Ma Paskazia asingekunja hivyo. Nilipowaza hilo ndipo nikatambua kwamba kati ya wote waliokaa chini ya lile turubai, ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini Adventina hakuolewa, na kwamba aliyestahili kuambiwa alikuwa ndani ya sanduku. Nimerudi nyumbani nikatoa daftari langu la mwaka ule. Naandika nikilitazama, na pale ambapo daftari lilidanganya nitasema.

Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, mwaka ambao redio ilisema vijiji asubuhi na jioni, na ikishazimwa watu wazima waliongea kwa sauti ya chini kuliko kabla haijawashwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili, natokea upande wa Muleba, na nilikaa Hamugembe kwa Ma Paskazia, ambaye hakuwa ndugu yangu ila alihitaji mikono. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje. Sebuleni sakafu ilikuwa ya saruji, lakini alitandaza nyasi kama kwao kijijini, kwa sababu, alisema, mgeni akikanyaga saruji tupu anajiona yuko hospitali. Meza ya kazi ilikuwa dirishani, na nje ya dirisha hapakuwa na kitu ila migomba, imesogea karibu sana, majani yake yakigusa wavu kila upepo ulipopita. Mchana wa mvua chumba kizima kilikuwa kijani. Mwanzoni nilikipenda chumba kile. Baadaye mwaka ule nilianza kukaa upande wa pili wa meza, ili dirisha lisiwe mgongoni mwangu.

Pale mezani, jioni na Jumamosi, tulitengeneza kadi za harusi, za ubatizo, za komunyo ya kwanza. Ma Paskazia alinifundisha majina kabla hajanikabidhi mkasi. Manila ndiyo ganda la kadi. Inapokunjwa ni mgongo, na mgongo haukunjwi hivi hivi. Kwanza unapitisha upande butu wa kisu kando ya rula, mara moja, bila kukata, ndipo karatasi inakubali. Kila karatasi ina uzi kama kitambaa: lowanisha kona yake, itajipinda kuelekea upande mmoja, na ukiikunja kwa kuufuata uzi itatulia miaka. Karatasi za shashi, nyepesi kama ngozi ya kitunguu, zilikuwa za maua. Unazipanga tano, unazikunja kama kipepeo, unafunga kiuno kwa uzi, kisha unazifumbua moja moja kwa ncha ya kijiko. Kingo tulizikata kwa mkasi wa meno. Gundi ilikuwa uji wa unga wa muhogo uliochujwa kwenye kitambaa, na kadi zikishabandikwa zililala chini ya pasi ya mkaa isiyo na moto mpaka zinyooke. Karatasi nyeupe ya ndani, ile inayobeba jina la bwana na la bibi arusi, aliiita bitana. Neno hilo alilipata kwa fundi cherehani.

Manila ilipatikana kwa kuviziwa; karatasi nyeupe haikupatikana kabisa. Bitana zetu zilitoka ofisini. Ma Paskazia alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali pale mjini, na kila ukurasa alioukosea, au ambao wakubwa waliubadilisha ukiwa umeshachapwa, ulitakiwa uchomwe kwenye pipa nyuma ya jengo. Yeye alichoma nusu. Nusu nyingine aliikunja, akailaza chini ya kapu, akapanga ndizi juu yake, akaja nayo Hamugembe. Upande wenye maandishi tuliupaka gundi tukaulaza kwenye manila, upande mweupe ukabaki juu, na watu wakafunga ndoa kwa barua za serikali bila kujua. Sharti lilikuwa moja. "Ule upande mwingine hausomwi," aliniambia siku ya kwanza. "Unapakwa. Macho yako yawe kwenye gundi." Nilisema ndiyo, Ma. Nilikuwa mtoto wa kusema ndiyo.

Mkasi wa meno haukuwa wetu. Ulikuwa wa Bernardo Kamugisha, fundi aliyeshonea kwenye baraza ya duka hatua chache kutoka kwetu, na ndiye aliyekuwa amchukue Adventina. Hakuwa na kibanja. Cha baba yake kilikwenda kwa kaka mkubwa, naye akabaki na cherehani, chumba cha kupanga na mdomo. Nilipokwenda kuazima mkasi alinisubiri niongee, mimi nikasubiri anipe bila kuongea. "Bi Kimya," alisema, "leo umeshasema maneno mangapi?" Nikasema, "Mawili." "Basi hilo la kuhesabia ni la tatu. Utaishiwa, na mwezi ndio kwanza umeanza." Adventina, aliyekuwa akiandika vibandiko vya miche kwenye vitalu vya kahawa huko Maruku, alikuja mjini kila Jumamosi, akaketi kwenye benchi pale barazani, wakagombana kuhusu vitambaa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mwandiko ambao hata Ma Paskazia aliuonea wivu. "Huyu akikushonea gauni la arusi," Ma Paskazia alimwambia, "ulipime kabla ya kwenda kanisani, asije akakuweka mfuko wa suruali." Adventina akajibu, "Waitu Ma, ameshaweka. Nimeufumua mwenyewe." Tangazo la ndoa yao lilikuwa limesomwa kanisani mara mbili. Ilibaki mara ya tatu.

Neno lililotembea Hamugembe miezi ile lilikuwa Kimwani. Ilisemwa kwamba vijana wa mjini wasio na mashamba watapakiwa kwenye lori wapelekwe Kimwani kufungua kijiji, kwamba kuna mbung'o, kuna nyasi zinazomfunika mtu, kwamba anayekwenda harudi. Mimi nilikuwa natoka upande huo huo. Nilijua Kimwani ni mashamba na mbu, na kwamba watu wanaishi kule, wanakula, wanacheka. Sikumwambia mtu. Kwa mtu mwenye haya kama nilivyokuwa, kukatiza mazungumzo ya watu wazima kwa kusema hapana, si hivyo, kulikuwa kama kupanda juu ya meza. Nilisikiliza tu. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Mutalemwa, alikuwa na desturi ya kupita wakati wa chakula, na siku moja alikaa kwenye nyasi za Ma Paskazia, akala ndizi na maharage mpaka sahani ikang'aa, akanawa, akatafuna kahawa taratibu, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Wanauliza nani hana kazi." Ma Paskazia akamwuliza wanamwuliza nani. "Wananiuliza mimi. Yule kijana wa cherehani, ana kibanja? Hana. Analima? Halimi." "Na cherehani si kazi?" "Mimi siandiki orodha, Ma Paskazia. Naulizwa, najibu." Akaomba kahawa nyingine. Nakumbuka aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, na nakumbuka Ma Paskazia alinitazama mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu, kana kwamba mimi ndiye nifunge mdomo.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nakata bitana za kadi za Adventina. Zilikuwa kadi nzuri kuliko zote tulizotengeneza, manila ya rangi ya maziwa, ua la shashi nyekundu kwenye kona, kingo za meno. Ma Paskazia alikuwa amekwenda sokoni. Nilichukua ukurasa kutoka kwenye fungu, nikaulaza kifudifudi, nikachovya ncha ya brashi, na kabla sijaugeuza tone la gundi liliudondokea, karatasi ikalowa na maandishi yakatokea upande wangu, yamegeuka, kama mtu anayetazama kutoka nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeshaona mengi ya namna hiyo nikayapaka. Safari hii niliona herufi K na nikaigeuza karatasi. Ilikuwa orodha. Juu iliandikwa wasio na kazi maalumu, watakaohamishiwa Kimwani, na siku: Jumatatu ya wiki iliyofuata. Chini yalipangwa majina, na la saba lilikuwa Kamugisha, Bernardo, Hamugembe.

Daftari langu linasema hivi: Nimemwuliza Ma P. kuhusu orodha, akasema haimhusu. Huo ndio uongo wangu. Sikumwuliza. Alirudi kutoka sokoni, akatua kapu, akauliza nimefikia kadi ya ngapi, nikamwambia, na sentensi yote nilikuwa nayo mdomoni, imepangwa vizuri, nimeipanga kwa saa nzima. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nimesoma. Nikaona ni rahisi kumwokoa mtu kuliko kukiri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimejaribu miaka yote kuipa sababu nzuri zaidi nikashindwa.

Katika kila oda tulimwekea bibi arusi kadi moja ya kwake ya kutunza, yenye maua mawili badala ya moja. Bitana ya kadi hiyo ndiyo niliyoikata kutoka kwenye orodha. Sikuipaka gundi yote. Nilipaka mgongoni tu, mstari mwembamba, ili iweze kufunuliwa kama ukurasa wa kitabu, na maandishi nikayaelekeza ndani. Adventina alipokuja mchana kuchukua mzigo wake, alizipitia zote kwa vidole vyake safi, akafika kwenye ya kwake. "Hii haijashika, mdogo wangu," akasema. "Bitana inacheza." Ma Paskazia akanyoosha mkono kuichukua airekebishe. Nikaiwahi. Sijui hata leo ujasiri ule ulitoka wapi na kwa nini haukuja asubuhi. "Imetengenezwa hivyo," nikasema. "Ya bibi arusi inafunuliwa akiwa peke yake." Wote wawili wakacheka. Ma Paskazia akasema, "Huyu kumbe anasema," na Adventina akaifunga kadi ndani ya karatasi ya kaki, akaitia kwenye mkoba, mbali na nyingine.

Jumapili tangazo la tatu lilisomwa. Nilimtafuta Kamugisha upande wa wanaume sikumwona. Adventina alikuwa kwenye kwaya, na alipofumbua mdomo kuimba niliona kwamba hatoi sauti. Mchana nilipita pale barazani. Cherehani ilikuwa imeondolewa, na mahali pa miguu yake palikuwa na alama nne kwenye vumbi. Mwenye duka alikuwa akifagia. "Fundi ameitwa na mgonjwa," akasema, akiendelea kufagia mpaka alama zile zikafutika. Watu wetu tangu zamani wakibanwa walikimbilia Buganda, Masaka hasa, ng'ambo ya mpaka. Baba zao walikwenda huko kutafuta kazi, wakarudi na baiskeli. Kwa kila kijana wa Bukoba njia ya Kyaka ilikuwa njia ya kupumulia, na hakuna aliyekumbuka kuuliza ni nani anayetawala ng'ambo siku hizo na kwa mkono gani. Kamugisha alikuwa amepita huko alfajiri, kichwani amebeba cherehani.

Jumatatu lori lilikuja kweli. Lilisimama barabarani injini ikiunguruma, na mgambo walipita nyumba kwa nyumba na karatasi, hawakumgombeza mtu, waligonga kama watu wanaoleta barua. Walichukua vijana kama kumi, wengine niliwafahamu kwa sura. Kwenye chumba cha Kamugisha hawakugonga. Walipita mbele ya mlango wake wakaenda mlango uliofuata. "Wameshajua amekwenda," mama mmoja alisema kando yangu, na mwingine akasema, "Sasa wanamsubiri mpakani." Mpaka jioni habari ilikuwa imekomaa: fundi anatafutwa, picha yake iko Mutukula, akionekana atafungwa. Niliisikia visimani, dukani, shuleni, na kila niliposikia nilisimama kidogo kisha nikaendelea kutembea. Nilikuwa nimeona wakiupita mlango ule. Niliona mmoja wao akitazama karatasi yake, akaitazama tena nyumba, akapita. Haikuwa namna ya mtu anayejua kwamba aliyemtaka amekimbia. Ilikuwa namna ya mtu asiyetaka kitu pale.

Jumanne jioni nilimwambia Ma Paskazia. Alikuwa anamenya ndizi jikoni, ameketi kwenye kigoda, maganda yanaangukia kwenye ungo. Nilimwambia yote, kuanzia herufi K. Hakunipiga, ingawa nilisimama mahali pa kupigwa. Alimenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitia kwenye maji, akauliza, "Ile karatasi uliitoa kwenye fungu la bitana?" Nikasema ndiyo. "Na bitana zinatoka wapi?" Akachukua ndizi nyingine. "Mimi ninaleta nyumbani karatasi gani, mtoto? Nzuri au mbovu?" Nikasema, "Mbovu." "Ilikuwa mbovu kwa ajili yake. Niliichapa Alhamisi. Ijumaa bwana mkubwa akasema huyu wa saba ni fundi, ana cherehani, hiyo ni kazi, mtoe. Nikachapa upya orodha nzima kwa ajili ya jina moja. Ile ya kwanza nikaileta huku kwa sababu upande mmoja ulikuwa bado mweupe." Moto ulikuwa unatoa moshi na hakuuchochea. "Ungeniuliza," akasema. "Neno moja tu ungeniuliza."

Nikamwambia basi tumwambie Adventina, amtumie mtu, Masaka si mbali, atarudi kabla ya siku ya harusi. Ma Paskazia aliinuka akafunga mlango wa jiko, na kukawa na giza hata kabla jua halijazama. "Utamwambia umejuaje? Orodha ya serikali kwenye kadi ya harusi. Nani aliichapa? Ta Mutalemwa atakuwa hapa kabla hujamaliza kusema. Atakula, atanawa, atauliza, na atakwenda kujibu. Mimi nitakwenda ndani, na wewe shule imekwisha." Akanishika bega kwa mkono wenye utomvu wa ndizi. "Kijana akichoka atarudi. Wanarudi wote." Utomvu ule ulikauka kwenye blauzi yangu ya shule ukawa doa jeusi, na doa la ndizi halitoki. Nililivaa mpaka kidato cha nne.

Wale wa lori, wengi wao walirudi kabla ya mwaka kwisha, wamekonda, wana hadithi za mbung'o. Wachache walibaki, na leo ukipita Kimwani utaona wajukuu wao. Kutoka kwa Kamugisha ilikuja barua moja, imeletwa kwa mkono na dereva, inasema yuko Masaka, anashonea sare za askari, kazi ipo. Haikuja nyingine. Baadaye zikaja habari za watu wanaotolewa madukani mwao, kisha mpaka ukafungwa, kisha vita, na vita vilipokwisha kaka yake Adventina alikwenda Masaka akauliza baraza kwa baraza. Alipata mtu mmoja aliyekumbuka Mtanzania mwenye cherehani. Hakukumbuka zaidi ya hapo, au hakutaka.

Lakini Jumamosi ile, siku tano tu baada ya lori, hakuna lililokuwa limetokea bado. Mpaka ulikuwa wazi na Masaka ilikuwa safari ya siku moja. Adventina alikuja kwetu na mvua, amevaa koti la kaka yake, akakaa kwenye kiti changu cha dirishani. Ile kadi hakuitaja, na sikujua kama amekisia mkono wangu au anadhani ni malaika. Alisema anataka vikadi vidogo, kama vya ubatizo, kwa sababu wageni wameshaalikwa na ni lazima waambiwe. Ma Paskazia alimpa pole akatoka kwenda jikoni. Nilisikia kisu kikimenya. Nilichukua masalio ya manila ya rangi ya maziwa nikaanza kukata. "Niandike nini, dada?" nikauliza. "Andika harusi ya Bernardo na Adventina imeahirishwa mpaka tarehe." "Tarehe ipi?" "Acha wazi. Akirudi nitajaza mwenyewe. Kuandika vibandiko si ndiyo kazi yangu." Alijaribu kutabasamu, na migomba nyuma yake ilikuwa inagusa wavu. "Dada Adventina," nikasema. Aligeuka akanitazama, akangoja, kama watu walivyozoea kuningoja. Jikoni kisu kilinyamaza. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni, na haikuwa ndefu: hakuwemo, mtumie mtu. Mvua ilipiga bati, ikapiga, na yeye bado alikuwa anangoja.

"Nafasi niiache kubwa kiasi gani?" nikamwuliza.

"Ya tarehe moja tu," akasema.

Jikoni kisu kikaanza tena. Nikavuta rula, nikapiga mstari kwenye kikadi cha kwanza, kisha cha pili, kisha vyote.